Serikali ya India na Wana Wake wa Ng'ambo, Itazamwapo Kutoka Kilosa na Mikumi

Wenye kuandika habari za desturi katika wilaya ya Kilosa wameandika mengi juu ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda: jinsi waozanavyo, jinsi urithi ufuatavyo upande wa mama, na jinsi watambikavyo. Wamefanya vema, maana nchi ni ya watu hao. Lakini mtu akisimama sokoni Kilosa, au akishuka Mikumi penye njia kuu iendayo Iringa, ataona upesi kuwa miji hii haikujengwa na wenyeji peke yao. Reli ilipofika Kilosa zamani za Wajerumani, ilileta watu wa mbali: Wanyamwezi na Wasukuma, Wangoni na Wamakonde, waliokuja kukata mkonge, Wayunani, ambao wengine wao walikuwa makontrakta wa reli kisha wakawa wenye mashamba, na Wahindi waliofungua maduka. Juu ya hao wa mwisho nataka kusema hapa, tena si juu ya biashara yao, bali juu ya neno moja ambalo walimu na mapadre huulizwa mara kwa mara na wala hawana jibu lake tayari. Je, serikali ya nchi aliyotoka babu ina haki gani juu ya mjukuu? Nayo humshika mjukuu huyo kwa kamba gani?

Kwanza na tuwatazame wale wasioshikwa na serikali yo yote. Manamba wa Kinyamwezi aliyefanya kazi Kimamba hakupata kuona mjumbe kutoka kwao aliyetumwa kumwuliza kama watoto wake bado wajua Kinyamwezi. Serikali ya Tanganyika ilitoa gazeti la Mambo Leo tangu mwaka 1923, na mwenye kujua kusoma aliweza kupata humo habari za wilaya yake. Zaidi ya hayo hapakuwa na kitu. Na hata hivyo mtu huyo hakupotea. Alipokufa ugenini walikuja watani wake, watu wa kabila jingine kabisa, wakamchimbia kaburi, wakatania mbele ya maiti kama desturi iwataka, wakadai chao, wakaenda zao. Utani ulienea katika kambi za mkonge kuliko mahali pengi, kwa sababu hapo ndipo ulipohitajiwa. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani ya kuwa watu hawawezi kukumbuka kwao pasipo ofisi ya kuwakumbusha.

Wahindi wao walikuwa na serikali nyuma yao tangu zamani, ila serikali hiyo ilikuja kwa vipindi, na kila ilipokuja ilikuwa na uso mwingine.

Mara ya kwanza ilikuja na fimbo. Wahindi wengi wa Unguja na mrima katika karne ya 19 walitoka Kutch na Kathiawar. Nyumba ya Jairam Shivji, watu wa Mundra katika Kutch, ilishika forodha ya Unguja kwa miaka mingi, na Ladha Damji alikuwa msimamizi wake. Misafara iliyopanda bara kwa bonde la Mkondoa, njia waliyoipita Burton na Speke mwaka 1857, ilikopeshwa bidhaa na watu wa namna hiyo. Baadaye Sewa Haji wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, alikuwa mkubwa wao katika kazi ya kutayarisha misafara, na jina lake lakumbukwa hata leo katika hospitali ya Dar es Salaam. Basi Waingereza walipotaka kukomesha biashara ya watumwa, walijua kuwa fedha yake yapita katika mikono ya Wahindi, na Wahindi wale wengi wao walikuwa raia wa Rao wa Kutch, mfalme aliyekuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Bartle Frere alipotumwa kuja Unguja, ikatolewa mwishoni mwa mwaka 1872 barua ya Rao kwa watu wake waliokaa huku: wakiendelea kushiriki katika biashara ile, mali zao zilizoko Kutch zitatwaliwa. Mkataba wa Sayyid Barghash ukatiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873.

Tuangalie vizuri barua ile. Haikuwaambia wale watu wapende kwao, wala waseme lugha ya mama zao. Iliwashika kwa kitu walichokiacha nyuma: shamba, nyumba, na mahari ya binti. Kwa maneno mengine, ilijua kwamba walikuwa na nia ya kurudi. Mtu asiye na nia ya kurudi hatishwi na kupotea kwa nyumba asiyoilala. Hiki ndicho kipimo nitakachokitumia katika habari zote zifuatazo, maana naona ni kizuri kuliko hesabu ya shule na sherehe.

Mara ya pili serikali ilikuja kama wakili. Baada ya Vita Kuu ya kwanza mashamba mengi ya Wajerumani yaliuzwa, na Wahindi na Wayunani wakanunua. Mwaka 1918 Aga Khan wa tatu alikuwa ameandika katika kitabu chake juu ya Bara Hindi kwamba ingefaa nchi hii iliyokuwa ya Wajerumani iwe mahali pa Wahindi kuhamia. Shauri hilo halikutimia, na mimi naona ni heri halikutimia. Mwaka 1923 ukatokea ugomvi mwingine, mdogo kwa sura lakini mkubwa kwa mtu wa duka. Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria za leseni na kodi ya faida, na pamoja nazo ikataka vitabu vya hesabu visiandikwe tena kwa Kigujarati. Wahindi wakafunga maduka yao tangu Aprili, kwa siku zaidi ya hamsini. Delhi na London wakapelekewa malalamiko, mwisho amri zikalegezwa.

Watu hutaja kodi kuwa ndiyo kiini cha kufungwa kwa maduka yale. Lakini mtu aliyepata kukitazama kitabu cha hesabu cha duka la zamani, kirefu, chenye jalada jekundu na uzi wa kukifungia, chenye jina la Mungu juu ya ukurasa wa kwanza wa mwaka, ataelewa kuwa amri ile ilikuwa kama kumwambia mtu abadili lugha ya sala zake. Mwenye duka hakuandika Kigujarati kwa kuipenda Bara Hindi. Alikiandika kwa sababu ndicho alichokihesabia. Na hapo ndipo serikali ya Bara Hindi, ingawa bado ilikuwa mikononi mwa Waingereza, ilipomfaa kweli. Ikaendelea kuwatuma watu: Kunwar Maharaj Singh alikuja Afrika Mashariki mwaka 1927, Srinivasa Sastri mwaka 1929, na K. P. S. Menon akaja Unguja mwaka 1934 kutazama habari za karafuu. Wote walikuja kutetea haki. Hakuna aliyekuja kufundisha densi.

Sasa twafika mwaka 1947, nao wataka kusimuliwa polepole.

India ilipopata uhuru, Wahindi wa huku walitazamia kuwa sasa wana baba mwenye nguvu. Badala yake walipata baba aliyewaambia wakae kwa adabu katika nyumba ya watu. Jawaharlal Nehru alishika shauri moja bila kuyumba: Mhindi aliyeko ng'ambo na achague. Akitaka kuwa raia wa India, basi huko aliko ni mgeni, asitake haki kuliko za mgeni. Akitaka kuwa raia wa nchi aikaayo, basi na awe wa nchi hiyo kwa moyo, wala asitake kujitajirisha kwa hasara ya wenyeji. Mwaka 1948 alimtuma Nairobi mtu wake wa kwanza, Apa Pant, mwana wa Raja wa Aundh, awe kamishna wa India kwa nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza, na Tanganyika ikiwemo. Pant alifanya jambo ambalo wafanya biashara wengi hawakulitazamia: alikula na Waafrika, akafanya urafiki na viongozi wao, na serikali yake ikatoa nafasi za masomo katika vyuo vya India kwa vijana wa Kiafrika. Waingereza wa Kenya hawakupendezwa hata kidogo, na mwaka 1954 aliondoka.

Mwaka 1950 huko Delhi likaanzishwa Baraza la India la Mahusiano ya Utamaduni, ambalo Maulana Azad ndiye aliyelisimamisha. Redio ya India nayo ikawa na matangazo kwa Afrika Mashariki, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili pia. Hapa pana neno la kufikiri. Nehru hakutumia utamaduni kuwavuta Wahindi warudi, bali kuwafanya waheshimiwe huko waliko na kuwaunganisha na wenyeji. Wengi waliona ubaridi katika jambo hilo. Mwenye duka wa Kilosa aliyetuma fedha kwa ajili ya uhuru wa India alitaka walau kuambiwa asante, naye akaambiwa ajifunze kuwa Mwafrika. Nadhani Nehru alisema kweli, ila aliisema kutoka mbali mno, na kwa mtu ambaye si yeye atakayelipa gharama yake.

Tena, "kwao" kwenyewe kulikuwa kumegawanyika. Mwaka huo huo wa 1947 ilizaliwa Pakistan. Makhoja, Mabohora na Wasunni wa Kutch na Gujarat waliokaa Tanganyika walikuwa Waislamu. Vijiji vya babu zao vilibaki India, lakini jamaa zao wengine walihamia Karachi. Je, serikali ya kwao ilikuwa ipi? Wagoa, makarani na washoni, wengi wao waumini wa makanisa yetu, walihesabiwa kuwa raia wa Wareno. Na katika Desemba 1961 mambo mawili yakawapata kwa siku kumi tu. Tarehe 9 Tanganyika ilipata uhuru, na tarehe 19 Goa ikawa imekwisha twaliwa na majeshi ya India. Mtu alilala ana bendera mbili, akaamka hana hata moja kati ya zile.

Wako waliokata shauri mapema. Aga Khan wa tatu, yule yule aliyewahi kutamani nchi hii iwe ya Wahindi, katika mkutano wa Evian mwaka 1952 aliwaongoza wafuasi wake wa Afrika washike Kiingereza katika shule zao, wanawake wavae mavazi ya Kizungu, nao wawe waaminifu kwa nchi walizokaa. Mapadre watalielewa jambo hili upesi kuliko wanasiasa. Kiongozi wa dini alivunja kamba ya lugha kwa makusudi, maana alijua kamba ya imani itatosha.

Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha wenye asili ya Bara Hindi wapata 76,000 katika Tanganyika, Wagoa wakiwamo. Sheria ya uraia ya mwaka 1961 ilimfanya kuwa raia aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa. Wengine walipewa mpaka Desemba 1963 kujiandikisha. Hapo shauri la Nehru likageuka kuwa fomu ya kujazwa. Katika nyumba nyingi iliamuliwa kwa hekima ya duka: mmoja atwae uraia wa hapa, mwingine abaki na pasi ya Kiingereza, wa tatu atwae ya India, ili mvua ikinyesha upande wo wote pawe na paa. Watu huwalaumu kwa hayo. Mimi sioni lawama kubwa kwa mtu aliyepanda mbegu mbalimbali katika shamba asilolijua mvua yake.

Mvua ilinyesha kweli. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Aprili 1971 ikatoka sheria ya kutwaa majengo: nyumba zenye thamani ya shilingi laki moja na zaidi, zisizokaliwa na wenyewe, zikawa mali ya umma, na iliyokuwa na umri wa miaka kumi haikulipiwa fidia. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na duka la mtu binafsi likatakiwa kuliachia duka la ushirika. Sheria hizo hazikutaja rangi ya mtu, na Mwalimu Nyerere alikataa daima zisemwe hivyo. Lakini katika mji mdogo wa reli, mwenye jumba la ghorofa moja na duka chini yake alikuwa nani? Watu wakafunga virago, wengi kwenda Uingereza na Kanada. Waliokwenda India walikuwa wachache kuliko mtu angedhani.

Na serikali ya India ilisema nini? Ilikaa kimya, au karibu na kimya. Ilikuwa rafiki wa Tanzania, ikamheshimu Nyerere. Mwaka 1995 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi. Kipimo chetu chaeleza ukimya ule. Serikali isiyowaita watu warudi haiwezi kuwatetea kama watoto, nao watu wasio na nia ya kurudi hawana la kuidai. Kamba ya mwaka 1872 ilikuwa imekatika pande zote mbili.

Kabla ya kwenda mbele, nataka kusimama kidogo penye maneno, maana hapa ndipo jarida kama hili lina haki ya kukawia. Bwana Krumm, katika kitabu chake cha maneno ya mashariki yaliyomo katika Kiswahili, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1940, aliyakusanya mengi yatokayo Bara Hindi. Msomaji ayatazame yalivyo: pesa na rupia, hundi na bima, laki, cheti, gari, dobi, gundi, randa, bangili. Karibu yote ni maneno ya kazi na ya mkono. Hakuna serikali iliyoyaleta, wala mwalimu aliyeyafundisha. Yaliingia kwa mlango wa duka na karakana, na sasa mtoto wa Kividunda ayasema asijue kuwa yana pwani nyingine. Sheria ya 1971 yenyewe, ilipoelezwa kwa Kiswahili, ilihesabu thamani ya nyumba za Wahindi kwa neno la Kihindi, laki.

Lakini neno lenye historia chungu kuliko yote ni bepari. Katika Kigujarati na Kihindi mzizi wake ni mfanya biashara tu, mtu mwenye heshima zake. Katika Kiswahili cha kwanza lilikuwa na maana hiyo hiyo, na kamusi za kabla ya 1950 zalieleza hivyo, pamoja na harufu kidogo ya mtu apendaye faida. Baada ya Azimio la Arusha likawa jina la adui. Mzee wa Kigujarati aliyejiita kwa neno lile kwa majivuno alilisikia likirudi kwake kutoka redioni kama tusi. Sijui mfano mwingine wa lugha ya wageni kuwapa wenyeji neno, na wenyeji kulinoa na kuwarudishia hivyo. Mwalimu afundishaye maana za maneno afanye vema kuwapa wanafunzi historia hii nzima, wala asiwape nusu yake ya mwisho peke yake.

Basi, mwisho wa karne serikali ya India iligeuka. Nchi ilikuwa imefungua biashara yake, na Wahindi wa Marekani na Uingereza walikuwa wametajirika. Mwaka 1999 ikatolewa kadi ya watu wenye asili ya India. Mwaka 2000 ikaundwa tume chini ya L. M. Singhvi, nayo ikatoa taarifa Januari 2002, ikiwahesabu Wahindi na wenye asili ya India walioko ng'ambo kuwa wapata milioni 20. Kwa shauri lake ikawekwa siku ya kuwakumbuka, tarehe 9 Januari, kwa sababu siku hiyo mwaka 1915 Gandhi alirudi Bombay kutoka Afrika Kusini. Mkutano wa kwanza ukafanyika Delhi mwaka 2003. Mwaka 2004 ikawapo wizara nzima ya Wahindi wa ng'ambo, ambayo mwaka 2016 iliunganishwa na ile ya mambo ya nje. Vijana wa asili ya India wakaalikwa kwenda kuiona nchi ya babu zao.

Yote hayo ni mazuri kwa sura. Lakini msomaji wa Kilosa na aitazame orodha moja. Sheria ya uraia ya India ilipobadilishwa mwaka 2003 ili wana wa ng'ambo wapate uraia wa namna ya pekee, zilitajwa nchi 16 ambazo watu wake wangeruhusiwa: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Ufaransa, Italia, na nyingine za namna hiyo. Hapakuwa na nchi hata moja ya Afrika. Wale waliokuja kwa majahazi kabla ya wote, waliofungiwa maduka na kutwaliwa majumba, hawakuwamo. Mjukuu wa mwenye duka wa Kilosa aliyehamia Toronto alikuwa mwana. Binamu yake aliyebaki Morogoro hakuwa. Mwaka 2005 kosa hilo lilirekebishwa, mlango ukafunguliwa kwa watu wa nchi zote, isipokuwa waliopata kuwa raia wa Pakistan au Bangladesh na uzao wao. Hata hivyo orodha ile ya kwanza imesema kilichokuwa moyoni. Mwaka 1872 serikali ilitazama mali ambayo mtu aliiacha nyuma. Mwaka 2003 ilitazama mali aliyoipata mbele.

Kadi yenyewe yaitwa ya Raia wa India wa Ng'ambo, na jina hilo lina mtego. Mwenye nayo aingia India bila viza, aweza kununua nyumba, ila si shamba la kilimo. Hapigi kura wala hashiki cheo cha serikali. Kwa katiba ya India yeye si raia. Katika Tanzania, ambako mtu mzima hawezi kushika uraia wa nchi mbili, jambo hili si dogo, maana jirani asikiaye neno "raia" hatauliza maelezo ya katiba. Padre au mwalimu akiombwa shauri na kijana wa namna hiyo, na amwambie kwanza tofauti ya jina na kitu.

Narendra Modi alipofika Dar es Salaam Julai 2016, na Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Delhi Oktoba 2023, mambo ya utamaduni na elimu yalikuwamo katika mazungumzo. Na Novemba 2023 Unguja ikafunguliwa taasisi ya ufundi ya Madras, ya kwanza ya jamii yake nje ya India. Hiyo yafundisha Watanzania wa kila asili, nayo yanikumbusha Apa Pant zaidi kuliko tume ya Singhvi. Dar es Salaam kiko kituo cha utamaduni cha Serikali ya India kilichopewa jina la Swami Vivekananda, ambako hufundishwa Kihindi, yoga, tabla na densi. Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Lugha inayofundishwa ni Kihindi cha Delhi, nacho si lugha ya nyumbani ya wengi wa watu hawa. Nyumbani walisema Kigujarati, au Kikachi. Kigujarati kimo katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba ya India; Kikachi hakimo hata leo. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa Kilosa kwa wazazi wa Kutch, serikali ya kwao imtumiapo utamaduni wake, humtumia lugha ambayo alijifunza, kama aliijua, katika sinema.

Na sinema kweli ilifanya kazi ambayo hakuna wizara iliyoifanya. Filamu za Raj Kapoor zilipendwa na Waswahili kama zilivyopendwa na Wahindi, na waimbaji wa taarabu walichukua sauti zake wakazitilia maneno yao. Hakuna aliyewaomba.

Kikachi chenyewe kimeendelea kuishi bila mlezi, nacho kimekula Kiswahili kwa wingi. Katika nyumba za watu hawa fagio ni fagio na sufuria ni sufuria, hata mazungumzo yote mengine yakiwa ya Kutch. Walipohama tena, kwenda Leicester na Wembley, walichukua maneno hayo pamoja na masanduku yao. Katika hoteli zao huko Uingereza mhogo wa kukaanga huitwa mogo, na karanga huitwa jugu. Vijana waliozaliwa huko, wasiopata kuona Kilosa wala Bombay, huyataja maneno hayo wakidhani ni Kigujarati safi, na mgeni wa kutoka India aketiye nao mezani hulazimika kuuliza maana yake.